Dondoo Muhimu: Bunduki Kongwe ya Kasiba Mbili

Aliyerithi, huko Butembo au Beni, jimboni Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bunduki ya marisau ya kasiba mbili, mathalani Stevens ya bei nafuu iliyoundwa Massachusetts, asiiguse kwa msasa kabla ya kuhakikisha hati zake, maana silaha za raia zinatawaliwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na tangu jimbo hilo litiwe chini ya utawala wa kijeshi, Mei 2021, bunduki isiyo na idhini ni balaa kwa mwenyewe.

Idhini ikiwapo na bunduki ikiwa tupu, zitenge kasiba na kitako, uzining'inize kwa uzi, uzigonge taratibu kwa kijiti: zikilia kama kengele, lehemu ni nzima; zikitoa mlio mfu, imeachia, na kazi hiyo ni ya fundi. Kasiba zenye michirizi ya chuma kilichosokotwa ziliundwa kwa baruti nyeusi. Usizitie kamwe risasi za kisasa, hata zikipendeza machoni. Chemba nazo zipimwe, kwani nyingi za zamani ni fupi kuliko milimita 70 za leo, na risasi ndefu huzidisha shinikizo.

Kitako kipakwe mafuta ya kitani, tabaka nyembamba. Wapo wapendao kukwangua chuma hadi kimeremete. Kwangu huo ni uharibifu. Ala ya ngozi hushika unyevu, na msimu wa mvua hualika kutu. Kitambaa chenye mafuta, ndani ya kabati lenye kufuli, ni bora. Na ukitaka kuwinda nayo, kumbuka kwamba Virunga iliyo jirani ni hifadhi tangu 1925, na uwindaji humo ni haramu.