Kovu la Mionzi: Chanzo, Kinga na Tiba Yake

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, mionzi imekuwa mojawapo ya silaha kuu za kupambana na saratani. Lakini mionzi iuayo seli za saratani yaweza pia kuidhuru ngozi inayopenya. Miezi au hata miaka baada ya tiba, ngozi ya baadhi ya wagonjwa hukakamaa na kuvuta, na kiungo kilicho karibu, kama bega au shingo, hushindwa kujongea vizuri. Katika makala haya tutaeleza jinsi kovu hilo linavyotokea, na kwa nini kinga yake huanza kabla ya siku ya kwanza ya tiba.

Chanzo cha kovu

Mtu akijikata kwa kisu, seli ziitwazo fibroblasti hutengeneza nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha tishu. Jeraha likishafunga, kazi hiyo hupungua. Baada ya mionzi mambo huwa tofauti. Mionzi huharibu DNA ya seli na kuidhuru mishipa midogo ya damu, hivyo oksijeni hupungua katika tishu. Seli zilizojeruhiwa huendelea kutoa ishara za kikemia, mojawapo ikiwa protini iitwayo TGF-beta. Fibroblasti hupokea ishara hizo kana kwamba jeraha lingali wazi, nazo huzidi kurundika kolajeni. Hali hii huitwa fibrosisi.

Msomaji atofautishe madhara ya aina mbili. Madhara ya mapema huonekana baada ya wiki mbili au tatu za tiba. Ngozi huwasha, hukauka, hubambuka, na pengine hutoa majimaji. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Dalili ya kwanza huwa ni ngozi kuzidi weusi. Madhara haya hutoka katika ngozi ya nje, ambayo seli zake hugawanyika upesi, na kwa kawaida hupona baada ya wiki chache. Fibrosisi ni dhara la baadaye, nayo hutokea ndani zaidi. Hata ambaye ngozi yake haikubambuka sana aweza kuipata. Kwa hiyo asiache kurudi kliniki.

Kinga

Kinga ya kwanza ni kugawanya dozi. Katika miaka ya 1920, Claudius Regaud na wenzake mjini Paris walitumia mionzi kuwahasi kondoo dume. Dozi moja kubwa iliiunguza ngozi vibaya. Dozi iliyogawanywa kwa siku kadhaa ilileta matokeo yaliyotakiwa bila kuiharibu ngozi kiasi hicho. Sababu ni kwamba seli za kawaida hupata nafasi ya kujikarabati kati ya dozi na dozi. Dozi hupimwa kwa kizio kiitwacho gray (Gy), na kipimo kilichozoeleka kwa muda mrefu ni Gy 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Fibrosisi hutegemea sana ukubwa wa kila dozi. Kwa hiyo daktari akiongeza dozi ya siku, hupunguza jumla yake.

Kinga ya pili ni nishati ya mionzi. Eksirei za zamani, zenye nishati ndogo, ziliacha sehemu kubwa ya dozi juu ya ngozi. Mionzi ya gama ya kobalti-60, iliyoanza kutumiwa kutibu wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951, hufikia kilele chake takriban nusu sentimita chini ya ngozi, na hivyo huipunguzia ngozi madhara.

Kinga ya tatu imo mikononi mwa mgonjwa. Aoshe ngozi taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, avae nguo laini zisizobana, aikinge ngozi na jua, wala asinyoe kwa wembe sehemu inayotibiwa. Aache tumbaku. Asipake dawa yoyote, ya dukani au ya kienyeji, bila kumwuliza mhudumu. Zaidi ya yote, asikatize tiba kwa kuogopa ngozi kubambuka: siku zinazopotea huzipa seli za saratani nafasi ya kuzaliana tena.

Tiba

Kovu likianza, mazoezi ya kunyoosha kiungo yasicheleweshwe. Mazoezi na kukandwa na mtaalamu husaidia kulinda mjongeo wa kiungo. Madaktari wengine hutoa pentoksifilini pamoja na vitamini E kwa miezi mingi; matokeo yake hutofautiana, na dawa hizo zisitumiwe bila agizo la daktari. Pale ngozi inapochanika na kutofunga, daktari wa upasuaji aweza kuhamishia hapo tishu kutoka sehemu isiyopigwa mionzi, ikiwa na mishipa yake ya damu, kwa kuwa ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida.

Maswali

1. Mgonjwa hupewa Gy 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Atamaliza Gy 50 baada ya wiki ngapi?
2. Kwa nini kovu la kisu hukoma kukua, na la mionzi laweza kuendelea?
3. Mgonjwa ataka kuacha tiba katika wiki ya tatu kwa sababu ngozi inabambuka. Utamweleza nini?