Ukitaka Kuchekesha Malava

Kijana wa Malava, huku kwetu Uluhyani, akishika maikrofoni kwa mara ya kwanza, mara nyingi huanza na vichekesho alivyoviona kwenye runinga au simu: Mluhya na ugali, Mluhya na kuku, Mluhya na kikombe cha chai, Mluhya na lafudhi yake nzito. Nairobi vichekesho hivyo viliwavunja watu mbavu. Hapa havishiki. Vilitungwa kwa ajili ya hadhira inayomtazama Mluhya kutoka nje, na Malava hakuna aliye nje. Kila mtu anakula obusuma, yaani ugali huo huo, kila mtu anatamka hivyo hivyo. Asiposhangaa, mtu hacheki.

Sisemi kuiga lafudhi ni kosa. Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwenye runinga ya KBC alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo. Alipofariki Julai 2015 nchi nzima ilimlilia. Lakini lafudhi peke yake isingembeba miaka yote hiyo. Kilichotuvuta ni mume anayetaka neno la mwisho nyumbani kwake, na mbele yake yupo Mama Kayai, yaani Mary Khavere, asiyekubali kumwachia. Hata ukiondoa lafudhi, ugomvi wao unabaki na unachekesha. Jipime kwa kipimo hicho: ondoa kabila kwenye kichekesho chako, uone kama kuna kitu kimebaki.

Basi anza na kitu ambacho watu walio mbele yako wamekiona kwa macho yao wiki hiyo. Malava hutahangaika kukitafuta. Kuna miwa. Matrekta yanavuta matrela yaliyojaa mpaka mabua yananing'inia, na watoto wanakimbia nyuma wakichomoa. Mwalimu mkuu aliyekaa mstari wa mbele alichomoa mua utotoni, na mwendesha boda aliyesimama nyuma alichomoa pia. Hilo ni jambo lao wote, na hakuna haja ya kulieleza.

Sasa tazama jinsi kichekesho kinavyoharibika mdomoni. Mtu anasema: "Kuna dereva wa trekta alimwambia mtoto amvutie mua na yeye, baada ya kumpata akichomoa kwenye trela, watu wakashangaa sana." Habari yote imo, na hakuna atakayecheka, kwa sababu jambo la kushangaza limetajwa mwanzoni. Lipange upya:

"Trekta ya miwa imepita hapo sokoni. Katoto kanachomoa mua huko nyuma. Dereva amesimama. Ameshuka. Amekuja mpaka kwa katoto, amekaangalia... 'Vuta mbili. Moja yangu.'"

Sentensi fupi zinajenga hofu. Kila msikilizaji anangoja kofi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kulingoja. Kofi haliji, na neno linalogeuza mambo ndilo la mwisho kutoka. Mwache dereva aseme Kiswahili cha dereva. Ukimsahihishia ngeli, umemuua. Ukifika "amekaangalia", shusha macho pale ambapo mtoto angekuwa amesimama, karibu na goti lako. Hadhira hutazama unakotazama, nayo itamwona huyo mtoto. Sema neno la mwisho kwa sauti ya chini, kama siri. Kisha funga mdomo. Wanaoanza hushindwa hapo: wakisikia kimya cha nusu sekunde wanaogopa, wanaongeza "yaani hata dereva jamani!", na kicheko kilichokuwa njiani kinakatwa. Ngoja. Kikija, usiseme juu yake mpaka kianze kushuka.

Suala la pili ni viti, na mimi naliona zito kuliko watu wanavyodhani. Wengi wetu hatuchekeshi ukumbini penye giza na meza ndogo. Tunachekesha kwenye harusi, harambee, siku ya wazazi shuleni. Wageni waheshimiwa wako kwenye hema lao lenye makochi na chupa za maji, wanakijiji wako kwenye hema jingine ng'ambo ya uwanja, na wewe uko katikati juani. Kosa la kawaida ni kumgeukia mheshimiwa na kuwapa watu mgongo. Mheshimiwa hacheki haraka, maana anatazamwa. Na watu wakiona hacheki, nao wanajizuia. Simama pembeni, mahali ambapo mahema yote mawili yanakuona uso. Peleka kichekesho cha kwanza kwa wanakijiji, hasa penye akina mama waliokaa pamoja, kwa sababu kicheko chao huenea upesi. Mheshimiwa akishasikia uwanja mzima unacheka, atafuata.

Fika mapema, uzungumze na mwenye mitambo. Mwombe aondoe mwangwi kwenye maikrofoni na azime muziki kabisa unapoongea. Mwangwi unaopendeza kwenye mahubiri unameza neno la mwisho la kichekesho. Malipo yako pia patana na waliokualika wakati huo, kabla hujasimama.

Kuhusu kuishika hadhira, mafundi wakubwa nawaona kwa majirani zetu Wabukusu na Watachoni, katika kumuse. Msemaji wa kumuse huja baada ya mazishi ya mzee, akatembea akienda na kurudi mbele ya watu waliokaa, akieleza ukoo wa marehemu, akiwafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Ile ni mila yenye heshima yake, wala simwambii mtu aiigize kwa mzaha. Nasema ukipata nafasi, kaa usikilize, ujifunze jinsi hatua zinavyokwenda na maneno: anapotembea, anasimama wapi, anamtazama nani. Wachekeshaji wengi huzungukazunguka jukwaani kwa wasiwasi tu. Tembea unaposimulia safari. Simama kabisa neno zito linapokuja.

Halafu kuna heshima. Vichekesho vya chumbani vikigonga mwamba Malava, mchekeshaji hulalamika kwamba watu wa mashambani ni washamba. Si kweli. Watu hao hao hucheka vichekesho hivyo wakiwa na marika yao. Lakini kwenye hema la harusi mwanamume amekaa mahali anapoonekana na mama mkwe wake, na desturi yetu inawataka wawili hao waheshimiane kwa umbali. Hawezi kucheka hata akitaka. Kabla hujapanda, tazama ni nani wamekaa na nani, ndipo uchague cha kusema.

Mlevi atakuja, usimtukane. Huenda mama yake yuko pale, na ndugu zake wako pale kwa hakika. Muulize jina lake na anatoka upande gani, mpe nafasi aseme sentensi moja, mshukuru kwa jina, endelea. Ukimvunjia heshima, nusu ya uwanja itahamia kwake.

Rekodi kila onyesho kwa simu. Kesho yake sikiliza, uandike ni wapi walicheka na walicheka kwa muda gani, kisha punguza maneno yaliyo kati ya kicheko na kicheko. Dakika 10 zako za kwanza zitabaki 4, na hizo 4 ndizo utakazosafiri nazo. Kakamega na Webuye ziko kwenye barabara hiyo hiyo ya matrekta, kwa hiyo kichekesho cha dereva hakibadiliki. Ukifika Nairobi, ongeza sentensi moja mwanzoni: "Kwetu, trela ya miwa ikipita, mtoto asiyechomoa tunampeleka hospitali." Sentensi hiyo inawaeleza wasiojua mchezo ulivyo, na yenyewe inachekesha kidogo. Usiongeze ya pili. Na yule dereva asiwe na lafudhi nzito kuliko aliyokuwa nayo Malava.