SOMO LA IJUMAA: UOMBEZI WA HAKI NA UOMBEZI WA KUNUNULIWA



Ndugu Waislamu, leo tujifunze juu ya jambo ambalo watu hulifanya kila siku bila kujiuliza: kutafuta mtu mwenye mkono mrefu akusemee kwa mkubwa.

Kumwombea mwenzako si dhambi. Suratu An-Nisaa, aya ya 85, yafundisha kwamba anayeombea jema ana fungu lake katika jema hilo, na anayeombea baya naye ana fungu lake. Mjane wa hapa Luvungi asiyejua Kifaransa, ukimsindikiza ofisini ukamsemea haki ya shamba lake, unapata thawabu.

Uombezi huharibika kwa njia mbili.

Kwanza, unapovunja haki. Mwanamke wa ukoo wa Makhzum alipoiba, jamaa zake walimtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume (s.a.w.), amwombee. Mtume alikasirika, kwani umma unaosamehe wakubwa na kuadhibu wanyonge huangamia.

Pili, unapouzwa. Katika hadithi iliyo kwa Abu Daud, anayemwombea ndugu yake kisha akapokea zawadi kwa ajili hiyo ameingia mlango mkubwa wa riba.

Tuangalie nchi yetu. Desemba 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo mfanyabiashara Dan Gertler. Ilisema alitumia urafiki wake na Rais Joseph Kabila kupata mikataba ya madini, na kwamba kati ya 2010 na 2012 peke yake Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 kwa migodi iliyouzwa kwa bei ya chini. Mwenyewe amekana. Kisha alikodi mawakili mashuhuri wamsemee Washington. Januari 2021, siku za mwisho za utawala wa Trump, alipewa kibali cha kulegeza vikwazo, bila kutangazwa. Habari ilipotoka, mashirika ya raia yalipaza sauti, na Machi 2021 kibali kikafutwa.

Tunajifunza nini? Uombezi wa kulipwa hupenda giza. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1995 yawalazimu waombezi wa namna hiyo kujiandikisha: ni nani, analipwa na nani, kiasi gani. Haizuii kila ubaya, lakini inaacha alama ya kufuata. Kwetu, sheria ya tarehe 29 Machi 2005 inahesabu rushwa na biashara ya ushawishi kuwa makosa ya jinai. Ni vizuri, lakini kuadhibu baada ya mali kuliwa hakutoshi. Tuwadai wabunge wetu wa Bukavu na Kinshasa daftari la wazi: nani alikuja kwa waziri, kwa shauri gani, na nani alimlipa.

Nasi tuanzie nyumbani:

1. Usimlipe mtu "akupitishie" kazi au kesi. Pesa ya serikali ina risiti, hiyo haina.

2. Ukimwombea mtu, sema mbele ya watu, wala usipokee hata kuku.

3. Mgombea akileta sukari na vitenge, muulize: wewe nani amekulipia, naye atataka nini?

Kila nafasi inayonunuliwa, kuna mtoto wa maskini aliyesoma ambaye amenyang'anywa. Huyo atatudai mbele ya Mwenyezi Mungu, na siku hiyo hakuna wa kukodiwa.

Mwenyezi Mungu atulinde na mali ya haramu. Amin.

Wabillahi tawfiq.