Wadau wa Biashara: Sadaka Haifuti Deni la Haki

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Waliobeba hatari hawakuwa na sauti katika uamuzi.

Basi tunajiuliza: kampuni inawajibika kwa nani?

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani Milton Friedman alitetea hoja kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida kwa kufuata kanuni zilizopo. Mwaka 1984 R. Edward Freeman alipanua mtazamo huo kwa kuzungumzia wadau, yaani wote wanaoguswa na kazi za kampuni au wanaoweza kuiathiri: wanahisa, wafanyakazi, wateja, wanaoiuzia bidhaa na majirani.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanakwenda ndani zaidi. Katika Centesimus Annus (1991), Mtakatifu Yohane Paulo II anakubali kuwa faida ni dalili ya biashara inayokwenda vizuri, ila si dalili pekee: hesabu zaweza kuwa safi huku utu wa wafanyakazi ukidhalilishwa. Naye Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate (2009), anafundisha kuwa uongozi wa biashara haupaswi kujali wenye mali peke yao. Katika waraka huohuo anatukumbusha kuwa hatuwezi kumpa mtu kilicho chetu kabla ya kumpa kilicho haki yake.

Hapa tuwe makini. Kampuni ikichimba kisima au kutoa madawati, tunashukuru. Lakini uwajibikaji huanza mapema zaidi, katika namna faida inavyopatikana: mshahara, usalama kazini, bei anayolipwa mkulima, majitaka yanakoelekezwa. Madawati hayalipi mshahara uliocheleweshwa.

Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu. Parokia na seminari pia ni waajiri.

Maswali ya tafakari
1. Mlinzi, mpishi na katekista wetu wanalipwa kwa haki na kwa wakati?
2. Tunapopanga mradi wa parokia, ni nani ataguswa nao ambaye hatujamsikiliza?