Dondoo muhimu: Kutalii vijijini Meru bila kuumwa na wadudu

Ubaridi wa Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usikudanganye: mbu wapo, na ukishuka bondeni wanazidi.

1. Safiri Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Masika huacha madimbwi kila mahali.
2. Ukitoka kijiji cha Ng'iresi, mlimani Meru, kwenda kulala Mto wa Mbu, bondeni, beba chandarua chenye dawa. Kikague matundu kabla ya giza, ukichomeke chini ya godoro pande zote.
3. Katika Hifadhi ya Tarangire, usivae bluu wala nyeusi: rangi hizo huvuta mbung'o. Wadudu hao hufukuza gari linalotembea na hung'ata hata kupitia shati jepesi, basi funga vioo.
4. Paka mafuta ya jua kwanza, dawa ya mbu baadaye. Vifundo vya miguu husahaulika mno.
5. Ukipata homa baada ya safari, kapime malaria siku hiyo hiyo.