Mtoto Mkalimani: Haki na Wajibu katika Familia ya Wageni

Likizo ya Agosti nilimpeleka nyanya kwenye zahanati moja hapa Machakos. Nyanya ni mzaliwa wa Masii na Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Kila akiugua, mimi ndimi mdomo wake. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja kutoka Sudan Kusini, pamoja na mwanawe wa kiume wa miaka kumi hivi. Walipoingia, kilichotutenga nao kilikuwa pazia tu, na maneno yakatufikia hata tusipotaka.

Daktari aliuliza kwa Kiswahili, kijana akageuza kwa Kidinka. Mama akajibu, kijana akageuza tena. Mara daktari akauliza jambo la siri ya wanawake. Kijana akanyamaza. Akaulizwa mara ya pili, akasema, "Mama anasema hakuna shida." Lakini mama alikuwa hajafungua kinywa!

Jamani, nilijiuliza: mama yule alitibiwa ugonjwa gani? Tena, ni nani wa kulaumiwa? Hapana shaka si yule mtoto. Makala haya yanakusudia kueleza hali ya watoto kama yeye na haki zao.

Kwa nini mtoto?

Familia inapohamia nchi ya ugenini, mtoto ndiye hutangulia kuijua lugha. Yeye huenda shuleni na hucheza na wenzake. Mama yuko nyumbani, naye baba anahangaika na kibarua. Hapa Kenya jambo hili si geni. Kambi ya Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita, na Kakuma kule Turkana ikafunguliwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliofika Kakuma mwanzoni walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu, wengi wao bila wazazi. Siku hizi wakimbizi wengine wanaishi mijini, ambako bila Kiswahili huwezi hata kununua nyanya sokoni.

Sheria inasema nini?

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na Kenya ikauridhia mwaka 1990. Kifungu cha 22 kinawahusu watoto wakimbizi. Kifungu cha 28 kinampa mtoto haki ya elimu, na cha 31 haki ya kupumzika na kucheza. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 53, inataja elimu, matibabu na malezi ya wazazi wote wawili. Tazama maneno yake vizuri: inasema "kila mtoto". Haikusema "kila mtoto Mkenya".

Kifungu cha 12 cha Mkataba kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Sasa mfikirie mtoto mkalimani. Kutwa nzima anasema, lakini anasema maneno ya watu wengine. Yake yeye hayaulizwi na mtu.

Madhara yake

Kwanza, masomo huharibika. Siku ya hospitali, siku ya ofisi ya chifu, siku ya kudaiwa kodi ya nyumba, zote ni siku za kukosa darasa.

Pili, mtoto hubeba mzigo usiolingana na kichwa chake. Atamwambiaje mamake kwamba ana ugonjwa mbaya?

Tatu, malezi hupinduka. Tuseme mwalimu ameandika barua kwamba mtoto ni mtoro. Nani ataisoma nyumbani? Si ni yule yule mtoro! Atasoma, "Baba, mwalimu anasema nimefanya vizuri." Hapo baba amebaki na jina tu la ubaba. Baba akigundua, hasira yake ni ya kudanganywa na pia ya kudharauliwa nyumbani mwake.

Je, mtoto asiwasaidie wazazi?

La, hasha! Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unataja wajibu wa mtoto pia. Kifungu cha 31 kinamtaka aheshimu wazazi na wakubwa zake na kuwasaidia wakiwa na haja. Kumsomea mama bei ya unga au jina la matatu ni msaada mwema. Lakini kuna kazi ya mtoto na kuna kazi ya mtu mzima. Siri za mwili, kesi na madeni ni za watu wazima.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili. Norway, ambako Wasomali na Wakongo wengi wamehamia, ina sheria ya wakalimani iliyoanza kutumika Januari 2022. Sheria hiyo inakataza ofisi za serikali kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika hali chache kama dharura ya kuokoa maisha. Hapa kwetu, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Mgonjwa naye je?

Tufanye nini?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tuna dawa mkononi, nayo ni Kiswahili. Chama chetu kinaweza kutenga saa mbili kila Jumamosi kuwafundisha kina mama wageni maneno ya hospitali, soko na shule. Mama akijua kusema "naumwa hapa", mwanawe atarudi uwanjani kucheza mpira kama wenzake.

Nami nimejifunza. Siku hizi nikimpeleka nyanya, namwomba shangazi aingie naye kwa daktari. Mimi nabaki nje na kushika mkoba.

Maswali ya kujadili

1. Taja kazi tatu za ukalimani zinazomfaa mtoto na tatu zisizomfaa.
2. Je, haki za mtoto hupunguza heshima ya mzazi? Toa sababu.
3. Ungekuwa daktari yule, ungefanya nini kijana aliponyamaza?