SOMO LA VIKUNDI: Tukienda Kuwatumikia Ndugu Zetu wa Mjini

Kuna vikundi kadhaa vya parokia ambavyo vimetuuliza swali moja. Wanataka kwenda Nairobi wiki moja wakati wa likizo ya Agosti, vijana pamoja na akina mama, wakawatumikie watu wa mitaa ya mabanda. Sasa wanauliza, tubebe nini? Swali ni zuri, lakini liko lingine la kutangulia: ni nani amewaalika?

Huku mashambani wengi wetu tukisikia Mukuru, Mathare, Korogocho au Kibera tunafikiria watu waliokaa tu wakingoja msaada. Si hivyo hata kidogo. Mukuru iko kando ya viwanda vya Nairobi, na wengi walifika pale wakifuata kibarua. Hawa si wageni kwenu. Ni watoto wetu na shemeji zetu, ni yule kijana aliyeondoka baada ya darasa la nane. Nao wana vyama vya kuweka akiba kama hivi vyenu. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka wa 1996, unaunganisha vikundi vya namna hiyo kutoka mitaa mingi ya mabanda. (Msishangae jina. Hata mjini watu huita sehemu zao vijiji.)

Wenyeji wa Mukuru walishirikiana na Muungano na watu wa vyuo vikuu kukusanya habari za mtaa wao: nyumba, vyoo, bei ya maji, bei ya stima. Ikaonekana wazi kwamba mtu anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko yule wa estate aliye na bomba ndani ya nyumba. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wenyeji wakakaa vikao kupanga barabara, maji na mitaro. Sasa wewe ukifika na jembe na magunia mawili ya mahindi ukidhani umekwenda kuwaamsha, nani atamfundisha nani?

Njia tunayotumia katika kampeni ya Kwaresima mnaijua: kuona, kuamua, kutenda. Njia hii ilienezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye alifanya kazi na vijana wa viwandani. Kwa hivyo ilizaliwa mjini, kati ya vibarua. Shida yetu ni kwamba tukipanga safari tunaruka mbio hadi kutenda.

Kuona maana yake ni hii. Tumeni watu wawili watangulie, mwezi mmoja au miwili kabla. Wasiende na mizigo. Wamtafute mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa ule, wakae kwenye ibada ya jumuiya na walale pale pale. Waulize watu hulipa kodi kiasi gani, maji hutoka wapi, ni kazi gani imewashinda, na ni kazi gani hawataki ifanywe na mgeni. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Tuchukue mfano wa kupaka rangi shule, maana vikundi vya wageni huipenda sana kazi hii. Tuseme mko watu 14. Nauli ya kwenda na kurudi tuseme ni shilingi 1,500 kila mmoja: hiyo ni 21,000. Chakula shilingi 300 kwa siku, kwa siku 6: hiyo ni 25,200. Jumla 46,200, na rangi bado hamjanunua. Kama fundi wa pale hulipwa 1,000 kwa siku, pesa hizo zingemlipa siku 46. Tena ukutani mmemnyang'anya kazi, na yeye ana watoto katika shule hiyo hiyo. Hatuwapigi marufuku kusafiri. Tunasema safari lazima ilete kitu ambacho mtaa hauwezi kupata kwa fundi wake.

Mwaka wa 1968, huko Cuernavaca nchini Mexico, padre mmoja aitwaye Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliotaka kwenda vijijini kujitolea kwamba ni afadhali wakae kwao. Sisi tunaona alizidisha. Lakini kidonda alikigusa, kwani mgeni anaweza kurudi nyumbani akiwa ameshiba furaha, na mwenyeji amebaki na aibu ya kuombewa.

Wakati wa janga mambo ni mengine. Mwishoni mwa Aprili 2024 mto Mathare ulifurika na kubeba nyumba za watu, na Mei nyumba za kando ya mito zikabomolewa. Siku kama hizo blanketi na unga ni vya kupelekwa leo. Hata hivyo orodha ya kugawa itoke kwa jumuiya. Wao ndio wanajua nani ni mpangaji, nani ni mgonjwa, na nani amejiandikisha mara mbili.

Basi ninyi watu wa shamba mna nini ambacho Mukuru haina? Mna maharagwe na mahindi, ambayo leo yanapitia kwa madalali wawili watatu kabla ya kufika kwa mama mboga. Chama chenu kikiuzia chama chao moja kwa moja, urafiki utadumu hata wiki ile ikiisha. Halafu kuna jambo la msiba. Mtu wa kwetu akifa Nairobi, jirani zake hupitisha karatasi ya mchango usiku kucha ili mwili ufike nyumbani. Je, kijiji kimewahi kutuma hata shilingi moja kuelekea upande wao?

Na jamani, watoto wa watu wasipigwe picha bila ruhusa ya wazazi, wala kusiwe na ahadi ya karo kama hamna hakika nayo.

Kwa mkutano wenu ujao: andikeni majina ya watu wa kijiji chenu wanaoishi mitaa hiyo, na mtaa wa kila mmoja. Chagueni mtu awapigie simu, awaulize kama wangependa kutembelewa, na kwa kazi gani. Majibu yao yasomwe mbele ya kikundi kizima kabla hamjaanza kuchanga nauli.